Nyuma Yake Wapi?

Tarehe 9 Februari

Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na yale magoti yamepunguza ukorofi. Mimi huku sijambo, ila mgongo tu unalalamika. Bado nipo kwenye lifti zangu. Nilitaka sana kuja kwenye sherehe yako, lakini wiki ile ile lifti ya hospitali moja iliharibika, wagonjwa wakawa wanapandishwa ngazi kwa machela, na msimamizi wetu akafuta ruhusa za mafundi wote. Nisamehe.

Sasa nikuulize jambo, Bibi, usinune. Baba amenipigia simu. Anasema alipokuwa katikati ya risala yake ulisimama, ukachukua mkoba wako, ukatoka ukumbini mbele ya wageni na hukurudi tena. Shangazi amenitumia picha: kiti chako kitupu, keki haijaguswa, na Baba ameshika maikrofoni kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu amlee.

Baba anasema ni uzee. Neno lake hasa ni kwamba umeanza kupotea, na anatafuta daktari wa mambo ya kumbukumbu akupeleke. Mimi nimembishia. Lakini nawe, Bibi, amehangaika sana na sherehe hiyo. Ukumbi, maua, wageni wote wale. Usingeweza kuvumilia mpaka amalize? Kama kuna kilichokuudhi niambie mimi. Simu najua huitaki, kwa hiyo nasubiri mkono wako.

Mke mwenzio,
Mjukuu wako

*

Tarehe 20 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mimi mzima. Magoti ni yale yale, yamenizoea na mimi nimeyazoea. Pole na mgongo. Hiyo kazi ya kupanda na kushuka kutwa nzima bila kufika popote sijawahi kuielewa, lakini maadamu inakulisha, Mungu akuzidishie.

Sasa nisikilize. Sijapotea. Najua leo ni siku gani, najua miwani yangu iko wapi, na najua aliyenitukana ni nani.

Walinivisha kitambaa kinachowasha shingoni, wakaniweka mbele, nikatulia kama bibi harusi. Baba yako akasimama. Nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka kinywani mwake. Alisema: "Leo Mama ametimiza miaka themanini. Lakini huwezi kumtaja Mama bila kumtaja marehemu Baba, mtu wa watu, aliyetujengea nyumba ile kwa jasho lake na kutusomesha sote. Na nyuma yake, kimya kimya, alikuwepo Mama, akipika na kutuombea." Watu wakapiga makofi.

Nyuma yake. Nyuma yake wapi? Ningekuwa nyuma yake si ningeondoka naye!

Wewe ulimkuta babu yako mzee, amekaa kwenye kiti chumba cha uani, blanketi miguuni, ukawa unampelekea maji. Ukadhani yuko pale tangu dunia iumbwe. Hakuna aliyekwambia vingine, na mimi sikutaka kumchafua mgonjwa mbele ya mtoto. Leo nakwambia. Babu yako aliondoka nyumbani baba yako akiwa darasa la tatu, shangazi yako ana mapengo, baba yako mdogo anatambaa. Alivaa shati nililolipiga pasi mimi, akasimama mlangoni, akasema, "Nakuja." Majirani wakampa jina hilo hilo. "Vipi, Nakuja hajaleta salamu?" Nilicheka nao, ningefanya nini? Alihamia mji mwingine kwa mwanamke mwingine, akazaa naye wawili. Wewe nakuita mke mwenzangu kwa utani wa bibi na mjukuu. Yule mwenzangu mwingine hakuwa utani. Na Nakuja hakuja mpaka baba yako amesoma, amemaliza, ameoa.

Hiyo miaka yote unadhani nilikuwa napika na kuomba? Niliomba, ndiyo, mvua isinyeshe shuka zikiwa kambani. Tulikuwa chumba kimoja cha kupanga. Nikaanza kufua nguo za majirani kwenye karai, kisha za nyumba ya wageni, kisha hoteli mbili zikaniamini. Sabuni inakula ngozi, mke mwenzangu. Kuna wakati alama za vidole zilinitoka kabisa, nilikwenda ofisi moja wakanibonyeza kwenye wino, karani akatazama karatasi, akasema, "Mama, mbona kama umeweka ndizi?" Pasi ya mkaa niliishika mkono huu, ukichoka naihamishia mkono ule. Gauni la bibi harusi nililipeleka kwao nimelikumbatia kwenye gari kama mtoto mgonjwa, nisilikunje.

Kiwanja nilikitafuta mwenyewe. Kilikuwa dimbwi, vyura wanaishi humo na wake zao. Nilikijaza kifusi kwa toroli. Siku ya msingi fundi akaniuliza, "Mama, mwenye nyumba yuko wapi anipe maelekezo?" Nikamwambia, "Anakutazama." Tulihamia kabla ya madirisha. Tuliziba kwa shuka kuukuu za hoteli, upepo ukipiga zinatunga mimba.

Nakuja aliporudi, alirudi mgonjwa, na mkoba mmoja. Nilimpokea. Watu wakaniita mjinga. Hayakuwa mapenzi, mapenzi yalishakauka zamani. Ni kwamba watoto wangu walikuwa na baba mmoja tu, na sikutaka wamzike kabla hawajamjua sura. Nilimwogesha, nikamlisha, nikamzika.

Na yote hayo baba yako anayajua! Si kwamba alisimuliwa vibaya. Alikuwepo. Ndiye aliyekuwa akishika upande wa pili wa shuka tukikamua.

Basi nikasimama nikatoka. Sikupiga kelele, sikumtukana mtu. Nilifika barabarani nikasimamisha pikipiki. Dereva akaniuliza, "Bibi, umetoka harusini?" Nikamwambia nimetoka msibani. "Pole. Wa nani?" Nikamwambia wangu. Aliendesha polepole mpaka nyumbani.

Huyo daktari wa kumbukumbu aanze na baba yako.

Mke mwenzio,
Bibi

*

Tarehe 4 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Mimi afya ipo, lakini moyo umechafuka.

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya kisanduku changu cha spana, kwenye shimo la lifti, chini kabisa, na nikashindwa kutoka. Kwa hiyo kile kiti cha Babu nilichofundishwa kukipita kwa heshima, na ile picha ya Babu sebuleni, na "babu yako ndiye aliyetuweka mjini" niliyoimbiwa tangu chekechea, vyote ni hewa? Na wewe ulikuwa unanisikiliza nikiikariri, ukawa unakunja nguo tu.

Nilimpigia Baba siku hiyo hiyo. Nakuandikia tulivyoongea.

"Baba, kwa nini ulisema Babu ndiye aliyejenga?"

Akaniuliza, "Nani kakwambia habari hizo?"

"Aliyejenga."

"Sikiliza. Yale ni maneno ya sherehe. Pale palikuwa na wazazi wa wanafunzi wangu, palikuwa na wakubwa wa elimu, palikuwa na wakwe. Ulitaka niseme nini? Kwamba baba yangu alitukimbia, na mama yangu alikuwa akifua chupi za watu?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Hivyo hivyo."

Akakata simu.

Bibi, mimi ni binti yake na nampenda. Lakini shule ile anayojivunia, na koti lile, na Kiingereza kile cha kwenye mikutano, vyote vilitoka kwenye povu lako, na sasa povu linamnukia! Nina hasira mpaka leo nilifunga nati moja kwa nguvu hadi ikakatika, fundi mwenzangu akaniuliza nani kafa.

Nijibu mapema.

Mke mwenzio,
Mjukuu wako

*

Tarehe 30 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba, na pole kwa kukatiwa simu. Mimi mzima, ila usingizi umepungua. Usivunje nati za watu kwa ajili yangu; watu wamo ndani ya hizo lifti.

Nilidhani mambo yameisha, kumbe yalikuwa hayajaanza. Jumanne iliyopita nilikuwa uani na wale wanawake wangu wawili. Siku hizi kufua wanafua wao, mimi kazi yangu ni kukagua kola na kugombana na madoa. Akaingia mwanamume wa makamo, suti, viatu vinang'aa. Sura ya Nakuja mtupu, mpaka ile namna ya kusimama mlangoni kama mtu aliye njiani. Nyuma yake mwanamke mnene, kashika mkoba kwa mikono miwili, hataki kuniangalia. Nikawajua kabla hawajajitaja. Ni wale watoto wa nyumba ile nyingine. Nikawapa viti, nikawapa chai. Mtoto hachagui wa kumzaa.

Yule mwanamume hakuigusa chai. Alitoa simu, akabonyeza, nikasikia sauti ya baba yako imo humo: "Aliyetujengea nyumba ile kwa jasho lake." Kumbe mgeni mmoja aliirekodi risala, akaitupa mtandaoni, ikazunguka hadi ikawafikia. Akasema, "Mama, na sisi ni watoto wa marehemu. Kaka mkubwa ametamka mwenyewe mbele ya watu kwamba nyumba ni ya Baba. Tunataka sehemu yetu."

Nikamuuliza, "Na wewe umemwamini huyo anayesema?"

"Mkurugenzi wa shule, Mama! Atadanganya?"

Hebu niambie, ningemjibu nini?

Na utauliza hati ya kiwanja inasemaje. Ina jina la Nakuja. Enzi zile ofisi ile ilikuwa haimwandiki mwanamke aliyeolewa. Karani aliniambia nikamlete mume. Nikamwambia mume sina, nina jina lake tu. Akaandika hilo jina. Wote tuliona kawaida. Na mtaani waliojua ukweli wengi wamekwisha kufa. Waliobaki ni mimi na wanangu, na mkubwa wao ndiye mwenye sauti.

Nikamwita baba yako. Alikuja akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nilikaa nasubiri aseme, "Mama, nisamehe, kesho nitakwenda kuwaambia ukweli." Unajua alisema nini?

"Mama, tusiivute hii habari ikafika mbali. Tuwape kile kipande cha uani, wanyamaze. Hata hivyo kazi yenyewe ya kufua, kwa umri wako, ilitakiwa iwe imeshafungwa."

Uani wangu! Pale zilipo kamba, pale lilipo karo, pale wanawake wawili wanapotafutia watoto wao chakula. Autoe uani wangu ili asionekane mwongo mbele ya wazazi wa shule yake. Alikuwa ameshauchora kichwani, ukuta upite wapi.

Nilisimama nikafungua mlango, nikaushika mpaka akapita. Sijawahi kumtoa mtoto wangu nje, hata alipovunja dirisha la jirani, hata alipofeli. Siku ile nilimwagia buluu nyingi nusu ya shuka za watu.

Ofisi ya usuluhishi imetuita sote. Nitakwenda.

Mke mwenzio,
Bibi

*

Tarehe 12 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Afya yako vipi, na usingizi je? Kula vizuri, tafadhali, hasira haishibishi.

Baba amenipigia. Ameanza kwa kuniita "mwanangu mpole", nikajua kuna kitu, maana mpole sijawahi kuwa. Anataka nikuandikie nikubembeleze ukubali. Anasema wewe unanisikiliza mimi. Anasema ni kipande tu, na kwamba jina la familia lina thamani kuliko kamba za nguo.

Nikamwambia, "Baba, mimi nilijifunza kutembea kwenye uani ule, nikishikilia shuka zinazoning'inia. Jina la familia ni lipi zaidi ya hilo?" Akasema nimeshapandikizwa maneno. Mimi fundi, Bibi, nina miaka yangu na akili zangu, eti nimepandikizwa!

Kwa hiyo sikubembelezi. Usikubali hata upana wa kibanio. Nimeomba ruhusa nije, wamekataa hadi Desemba. Usiende peke yako, nenda na Shangazi. Na ukitoka tu huko, niandikie.

Mke mwenzio,
Mjukuu wako

*

Tarehe 20 Mei

Bibi,

Shikamoo. Sijapata jibu. Shangazi nikimpigia anasema tu "Bibi yako mzima, atakuandikia mwenyewe," na anabadilisha mazungumzo. Baba hapokei kabisa. Siku za kikao zimeshapita kitambo.

Kama wamekuchukulia uani, niambie. Kama unaumwa, niambie. Kama umenikasirikia kwa sababu mimi ni damu ya aliyekuudhi, hilo pia niambie, nitalipokea. Ila usininyamazie. Huku kila simu ikilia naruka.

Mjukuu wako

*

Tarehe 2 Juni

Mke mwenzangu,

Marahaba, marahaba mara mia. Siumwi. Uani upo. Sikukuandikia kwa sababu kila nikishika kalamu yalitoka matusi, na wewe ni mtoto wake. Nikaona heri ningoje wino upoe.

Tulikwenda, mimi na shangazi yako. Chumba chenyewe kina meza ndefu, viti vya plastiki na feni inayolia kama mbuzi. Msuluhishi ni msichana, mdogo kuliko wewe, lakini ana macho. Baba yako alikuja na koti, akakaa upande wake. Nyuma yake amekaa mkwe wake mmoja na mwalimu wa taaluma wa shule yake. Amewaleta wampe nguvu, na hao hao ndio waliomfunga mdomo. Kule wamekaa yule mwanamume wa viatu na dada yake.

Msuluhishi akamuuliza baba yako, "Wewe ndiye mkubwa, unakumbuka. Nyumba hii ilijengwa na nani?"

Swali jepesi, mke mwenzangu! Mtoto wa chekechea angelijibu. Baba yako akakohoa. Akamtazama mkwe wake. Akasema, "Mheshimiwa, hayo ni mambo ya zamani. Wazazi wetu walisaidiana."

Nikasema kwa sauti, "Kusaidiana na nani?"

Nikaambiwa ninyamaze, zamu yangu bado. Miaka themanini, bado zamu yangu!

Shangazi yako akaanza kulia kwa hasira. Mimi nikawa namtazama baba yako kisogoni, kisogo nilichokinyoa mwenyewe kwa wembe mpaka alipoota ndevu. Hakugeuka. Na hapo nikajua nyumba imeondoka.

Ndipo yule mwanamke mnene akasimama. Kaka yake akamvuta mkono wa gauni, yeye akauchomoa. Akasema:

"Mheshimiwa, mimi nimekuja na kaka yangu, lakini siwezi. Baba alikuwa kwetu. Tangu nazaliwa mpaka nimekuwa msichana mkubwa alikuwa kwetu, amelala kwenye kochi, anasikiliza redio. Aliyekuwa akihangaika ni Mama, anauza mkaa. Hata hilo kochi alinunua Mama. Kwetu mvua ikinyesha tulikuwa tunakinga kwa sufuria, na hakuwahi kupanda juu kugongelea msumari. Leo niambiwe alikuwa akija mji huu kujenga nyumba? Alijenga lini, akiwa usingizini? Baba hakumjengea mtu. Hakutujengea sisi aliokuwa nao, angewajengea aliowaacha? Nyumba ni ya huyu mama. Nilikuja hapa wakati wa msiba, nilikuwa sijulikani na mtu, nimekaa nje, na huyu mama akaniletea shuka nijifunike. Mimi sitasimama hapa nimnyang'anye."

Akakaa. Feni ikaendelea kulia. Yule kaka yake akachukua simu yake mezani akatoka, na nimesikia ameshaondoa malalamiko. Msuluhishi akamgeukia baba yako. "Mzee, una la kuongeza?" Baba yako akatikisa kichwa.

Nimeshinda, wanasema. Shangazi yako alinikumbatia mpaka kitambaa kikanidondoka. Lakini nilirudi nyumbani nimechukia kuliko nilivyokwenda. Nimetetewa na mtoto wa mke mwenzangu, mtoto ambaye sikumpa hata uji, na yule niliyemzaa, nikamnyonyesha, nikamfulia sare usiku ili asubuhi aivae kavu, amekaa anahesabu vigae vya sakafuni! Nani anieleze hilo. Kama kuna kitabu kimeliandika, baba yako si ndiye msomi? Akanitafutie.

Yule dada nimemwambia aniite Mama. Ni mpishi wa hospitali, anacheka mpaka kikombe kinatikisika mezani. Akipata nafasi anakuja tunakaa.

Baba yako hajakanyaga hapa tangu siku ile. Sitamwita.

Mke mwenzio,
Bibi

*

Tarehe 18 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi, nimelia, nimekasirika upya, vyote kwa pamoja, nikiwa kazini, wenzangu wamenizoea sasa.

Baba amepiga hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo. Aliuliza habari za kazi, akauliza hali ya hewa, akazunguka weee, kisha akauliza, "Bibi yako amesema nini kuhusu mimi?" Nikamwambia, "Nyumba yake unaijua. Nenda kamuulize." Akasema hajui aanzie wapi. Nikamwambia aanzie mlangoni kama watu wengine.

Sijui kama nimekosea kumjibu hivyo. Ni baba yangu. Lakini kumwonea huruma kabla yako nimeshindwa.

Mpe salamu shangazi yangu mpya.

Mke mwenzio,
Mjukuu wako

*

Tarehe 17 Agosti

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mimi mzima, wote wazima, shangazi yako mpya anakusalimu na anauliza kama lifti zinaweza kumbeba. Nimemwambia zibebe nini kama hazimbebi yeye.

Hukukosea kumjibu vile. Alikuja. Alikuja mchana, siku ya kazi, bila koti, akasimama uani kati ya nguo mbichi kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa. Wanawake wangu wakajifanya wanatafuta vibanio, wakatokomea ndani. Sikumkaribisha kiti.

"Mama," akasema, "niliona aibu."

"Ya nani?"

"Shuleni walikuwa wananiita Povu. Povu, mtoto wa dobi. Nikiingia darasani wananusa. Niliapa nikiwa mkubwa hakuna mtu atakayeniita hivyo tena."

Nikamwambia, "Najua. Ulikuwa ukiwa na wenzako unanipita barabarani, mimi nina furushi kichwani, wewe unageukia duka unajifanya kusoma bango. Mimi nikaanza kupita njia ya nyuma nisikutie aibu. Ndefu ile, na matope. Yule alikuwa mtoto, na yule nilimsamehe siku ile ile kabla sijafika nyumbani. Wewe una mvi. Wewe uliniona nimekaa mbele ya watu, nimevaa maua, siku yangu, ukanipita tena."

Akalia. Sikumbembeleza. Niliona vibaya, mwili mzima ulitaka kumwendea, ni mwanangu. Lakini nilishika kamba nikabaki nilipo. Nikamwambia, "Uongo uliusema kwenye maikrofoni. Hapa uani unaniletea kunong'ona?"

Basi. Shule yake ilikuwa na mkutano wa wazazi. Shangazi yako, yule wa kwanza, alikwenda akakaa nyuma akasikiliza kwa masikio yake. Anasema baba yako alitamka polepole kama mtu anayejitoa mwiba, lakini alitamka: mama yangu ni dobi; nyumba alijenga yeye; shule hii imetoka mikononi mwake; baba yangu alituacha, na nilichosema ukumbini kilikuwa uongo. Hakuna aliyezimia, hakuna aliyemwondoa mtoto wake shuleni. Mzazi mmoja akanyoosha mkono, baba yako akajua sasa ndiyo anaaibishwa, kumbe anauliza kama bado tunapokea mapazia. Tumeyapokea. Machafu hayo, usiseme.

Usidhani nimepoa. Nikikumbuka kile kisogo, damu inanichemka hata nikiwa nakunywa maji. Nimemruhusu aingie na amerudi kula hapa, lakini nikimwangalia sana anaacha kutafuna. Tutakwenda hivyo hivyo mpaka itakapokwisha, na kama haitakwisha, tutakwenda nayo.

Ila nimeona jambo moja: hawa watoto wote hawajui. Wewe hukujua, ndugu zako hawajui, wanaojua wanaficha. Kwa hiyo Jumapili iliyopita niliwaita wote. Baba yako, baba yako mdogo, shangazi zako wawili, wajukuu, na wale vitukuu wanaotafuna mito. Nikawaambia leo hakuna risala, hakuna maikrofoni, nasema mwenyewe. Nikaanza pale nilipozaliwa. Nikasema lile dimbwi na vyura, nikasema hoteli ya kwanza na namna meneja alivyonusa shuka zangu, nikasema siku niliyoanguka na toroli nikacheka peke yangu kwenye tope. Nikasema na ya Nakuja, mazuri yake pia, maana alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, na hilo si uongo. Wadogo wakawa wanauliza maswali. Chakula kikapoa, wakakipasha, kikapoa tena. Jua likaondoka uani na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye kupaua.

Baba yako akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama mara nyingine ningeweza kufupisha.

Nikamwambia sikuishi kwa kifupi.

Mke mwenzio,
Bibi